SOMO: Chakula cha sungura wa nyumbani, soma mpaka chini ndo uulize

Inboksi imejaa swali moja tu, sungura wangu ale nini, kwa hiyo naandika hapa mara moja basi. Naongelea sungura kipenzi, sio wa kunenepeshwa wa kitoweo.

1. Maji safi muda wote. Na joto hili la Mtwara usimpimie.

2. Nyasi ndo ugali wake, vingine vyote mboga. Zisikosekane bandani usiku na mchana, maana meno ya sungura hayaachi kuota na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi, sio karoti. Masika yakiisha kata, anika, tunza juu ya chaga. Zikiota ukungu tupa.

3. Majani mabichi kiasi cha kiganja, changanya: mchunga, matembele, majani ya kunde. Yaliyolundikwa mpaka yakapata joto usimpe.

4. Nyasi unakata WAPI. Hapa palinitoa jasho kwa hiyo tulia usome. Huku kwetu kama huna mikorosho jirani yako anayo, na nyasi za chini yake laini, zinashawishi. Sasa mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua watu wanapuliza salfa na madawa mengine ya ubwiriunga (ukungu wa mikorosho) na wadudu, na ile dawa haikai mtini tu, inashukia kwenye nyasi, upepo nao unaipeleka hata kwa ambae hakupuliza. Sungura hana uwezo wa kutapika, akishameza kameza. Usiniambie utaziosha. Kata mbali na mashamba, au panda matembele kwenye viroba uani umalize kesi.

5. Kisamvu kibichi HAPANA, kina sumu ya sianidi. Sisi tunatwanga na kuchemsha, yeye anakula hivyohivyo. Parachichi na vitunguu pia hapana.

6. Pelleti za sungura (vile vipunje vya chakula vya dukani) kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa siku, mkubwa wa kilo mbili. Chakula cha kuku ni cha kuku.

7. Ukibadilisha chakula, badilisha taratibu, wiki nzima au zaidi.

MASWALI

kaka_chikongola: Mkuu kwa hiyo wangu ale nini?
— Panda juu.

mkali_wa_masasi: Mi nalisha kisamvu mwaka wa pili hawajafa, unatisha watu bure.
— Mbichi au unakianika kwanza? Hujasema. Kikinyauka sumu inapungua, na kuna mihogo mitamu na michungu. Wewe una bahati yako, mwenzio atakayesoma hapa atakata wa mchungu akirudi kunilaumu mimi.

mama_zai_lindi: Mabibo je? Huku yanaoza tu chini.
— Kipande kidogo sana mara mojamoja mama, sukari nyingi inamvuruga tumbo. Toa korosho kwanza, ganda lake lina mafuta yanaunguza. Yaliyoanza kuchacha waachie wagema uraka, ile pombe ya mabibo.

binti_newala: Samahani mwalimu, alfajiri nimemuona anakula kinyesi chake, ina maana hashibi?
— Swali zuri hili dada. Ana kinyesi cha aina mbili. Zile punje ngumu ni taka, lakini kuna laini zinazoshikana, zimechachushwa na bakteria tumboni, zina protini na vitamini B, anazichukua mwenyewe zikitoka. Usimzuie. Ukizikuta zimetapakaa hazijaliwa hapo ndo kuna shida, mara nyingi pelleti na vitamu vimezidi, au kanenepa hajifikii. Punguza hivyo, ongeza nyasi.

binti_newala: Asante sana. Na wa dada yangu hajagusa kitu tangu jana jioni?
— Mwambie aache simu aende kwa daktari wa mifugo SASA HIVI. Nusu siku bila kula utumbo unaweza kusimama.

fundi_mikindani: Nyongeza, mchana joto likizidi gandisha chupa ya maji, izungushie kitambaa uiweke bandani, anaiegemea mwenyewe.
— Nzuri hiyo.

kaka_chikongola: Na umeme ukikatika?
fundi_mikindani: Kigae cha sakafu, kilowanishe ukiweke kivulini, analala juu yake.