Somo: Kupanga likizo ya kutembea kwa miguu na familia kwenye mji wa vilima kando ya ziwa

Wengi wakipanga likizo ya namna hii huanza na orodha ya njia: ile ya maporomoko, ile ya kileleni, ile ya kuzunguka ziwa. Mimi naanza na kitanda. Mji uliojengwa ubavuni mwa kilima juu ya ziwa una jambo moja lisilokwepeka: kila mkishuka majini, mtapanda kurudi. Na anayepanda jioni ni mtoto aliyechoka, ana njaa, na nguo zimelowa.

Hatua ya 1: Chagua pa kulala kwa kutazama mwinuko

Nyumba yenye mandhari nzuri ya ziwa kwa kawaida iko juu, na tangazo halisemi iko juu kiasi gani. Kabla hujalipa, fungua ramani yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Tafuta nyumba, tafuta ufuko, kisha hesabu mistari iliyo katikati. Kwenye ramani nyingi za 1:50,000 (sentimita 1 ni mita 500), kutoka mstari hadi mstari ni mita 20, ila thibitisha kwanza kwenye maelezo ya pembeni mwa ramani. Mistari 6 ni mita 120, sawa na kupanda ngazi za jengo la ghorofa 40. Kila siku. Siku nyingine mara mbili, maana kuna aliyesahau kofia.

Kama watoto wako bado wadogo, chini ya miaka 9 hivi, laleni chini karibu na gati. Kilima mtakipanda asubuhi miguu ikiwa na nguvu, na njia ya mwisho ya siku itakuwa mteremko wa kurudi nyumbani. Chini kuna kelele zaidi, nakubali, na dirishani huenda mkaona ukuta wa jirani. Nachagua ukuta wa jirani.

Ukiipenda sana nyumba ya juu, muulize mwenyewe maswali mawili: kuna basi linalopanda, na la mwisho huondoka saa ngapi? Njia ya kutoka barabarani ni ngazi au ni barabara? Kigari cha mtoto na ngazi 80 havipatani.

Hatua ya 2: Hesabu saa, achana na kilomita

Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembeaji wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vya sasa ni hivi: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni ya mtu mzima mwenye mapafu mazuri, asiyesimama njiani. Mtoto husimama. Kuna mdudu, kuna jiwe, kuna kamba ya kiatu.

Kwa familia mimi nahesabu kilomita 3 kwa saa, na dakika 15 kwa kila mita 100 za kupanda. Tuifanye moja. Njia ina kilomita 6, na ukihesabu kontua unapata mistari 15 ya kupanda, yaani mita 300. Kilomita 6 ni saa 2. Mita 300 ni dakika 45. Tayari saa 2 na dakika 45 za kutembea tu; ongeza saa nzima ya kula, kukojoa na kutupa mawe majini. Matembezi ambayo kibao kimeandika "saa 2" yamekula nusu ya siku yenu.

Angalizo: hesabu kila mpando, hata kama njia inaanza na kuishia usawa uleule. Njia ya ufukoni inayopanda na kushuka miinuko midogo ya kilima huficha mita nyingi sana.

Hatua ya 3: Asubuhi juu, mchana chini

Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi inapanda, na ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo ina unyevu, na ikikuta kilima inasukumwa juu, inapoa, inakuwa wingu. Ndiyo maana mahali kama hapa asubuhi anga huweza kuwa safi kabisa na saa nane mchana kilele hakionekani. Katika msimu wa ngurumo, wingu hilohilo huleta radi.

Kwa hiyo siku ya kupanda, tokeni saa moja au saa mbili asubuhi, na kwenye saa sita muwe mmeanza kushuka. Mkiona mwako wa radi, hesabuni sekunde mpaka ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, na watu hawatakiwi kuwa kwenye mgongo wa kilima, chini ya mti uliosimama peke yake wala majini. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Halafu kuna kivuli. Kama vilima viko magharibi ya mji, jua litajificha nyuma yake mapema kabla ya machweo ya kwenye kalenda, na baridi itaanza hapohapo. Sweta la mtoto liwe juu kabisa ndani ya begi.

Hatua ya 4: Kuzunguka ziwa

Hii ndiyo njia inayowaponza watu wengi, kwa sababu inaonekana tambarare na ya watoto. Ziwa halina njia ya mkato. Mkifika nusu ya mzunguko, mbele na nyuma ni sawa, na hakuna atakayewaokoa isipokuwa gati au kituo cha basi. Weka alama kwenye ramani mahali pote pa kutokea kabla hamjaondoka. Kama hapapo, usizunguke. Nenda saa moja, rudi saa moja.

Palipo na boti za abiria kuna mpango mzuri zaidi: pandeni boti kwanza, kisha mrudi kwa miguu. Watu hufanya kinyume, wakatembea huku wanatazama saa na kukimbiza boti ya mwisho, na ikipigwa upepo wa mchana ikaahirishwa, wamekwama ng'ambo. Ukianza na boti, hakuna cha kuwahi. Watoto wavalishwe maboya ya saizi yao. Boya la mtu mzima huchomoka kichwani mwa mtoto akiingia majini.

Hatua ya 5: Mpangilio wa siku

Siku ya kwanza tembeeni mjini na ufukoni tu. Safari ndefu zaidi iwe siku ya pili au ya tatu, isiwe siku ya mwisho, maana mvua ikinyesha mtahitaji nafasi ya kuihamisha. Siku inayofuata iacheni wazi.

Waswahili walishasema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Maumivu ya mapaja hutoka zaidi kwenye kuteremka, kwa sababu msuli unafanya kazi ya kuzuia mwili huku unavutwa kurefuka, na huja kesho yake au keshokutwa. Mteremko mrefu siku ya kwanza utawaharibia siku ya tatu.

Hatua ya 6: Miguu na mizigo

Viatu viwe vimeshavaliwa wiki kadhaa. Jioni kabla ya safari, kateni kucha za vidole vya miguu, wakubwa kwa wadogo. Kucha ndefu ikigonga ncha ya kiatu kwenye mteremko inageuka nyeusi. Kabla ya kushuka, simamisha kila mtoto, agonge kisigino chini mguu urudi nyuma, kisha umfunge kamba upya, kwa nguvu pale kwenye kifundo. Dakika mbili. Akisema "panawasha", vua kiatu palepale na ubandike plasta. Ukingoja afike kwenye kivuli kile, lengelenge limeshajaa.

Begi la mtoto lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 25 ni kilo 2 na nusu, na lita moja ya maji ni kilo moja tayari. Kila mtoto awe na filimbi shingoni, na ajue ishara ya kuomba msaada: milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, rudia. Wafundishe pia kwamba akipotea anakaa alipo, hatembei.

Maswali ya wanachama wa jukwaa letu

*Mama Pacha: Nina mmoja wa miezi 10 na mmoja wa miaka 4. Tukae nyumbani?*

Hapana, dada. Wa miezi 10 anakaa kwenye kibebeo cha mgongoni. Kumbuka tu kwamba wewe unatokwa jasho na yeye hatembei, kwa hiyo anapata baridi wakati wewe unaona joto. Mshike shingo na miguu kila mara. Wa miaka 4 ndiye mwenye kazi: panga kilomita 3 hivi, na ujue utambeba baadhi yake.

*Mjukuu: Bibi anataka kuja nasi, magoti yanamsumbua. Sitaki abaki ndani.*

Mpange kwenye boti. Ninyi mnatembea ufukoni, yeye anavuka na mtu mmoja, mnakutana gati la pili mle pamoja. Kwenye njia fupi mpe fimbo mbili za kutembelea, ndefu kidogo wakati wa kushuka, zipunguze mzigo magotini. Na mpe yeye nafasi ya kuchagua chumba. Kisiwe cha ghorofani.

*Baba Watatu: Mkuu, wa kwangu wa miaka 14 ameshatangaza haendi popote.*

Mpe ramani ya karatasi na umwambie yeye ndiye kiongozi, kwa dhati, hata akikosea njia kidogo. Sharti ni moja: kila njia panda anasubiri wote wafike. Wengi hulegea wakiacha kuburutwa.

*Mgeni humu: Simu si inatosha? Ramani ya karatasi ya nini?*

Simu ni nzuri. Pakua ramani kabla, maana kipokezi cha setilaiti hufanya kazi hata pasipo mtandao, ramani isiyopakuliwa ndiyo haifunguki. Lakini betri huisha haraka kwenye baridi, na watu watano hawawezi kuchungulia kioo kimoja.

*Mpenda maji: Watoto wanaruhusiwa kuoga ziwani?*

Inategemea ziwa, kwa hiyo waulize wenyeji. Nchi za joto, maji yaliyotulia yenye majani na konokono yanaweza kuwa na kichocho. Ziwa la baridi, chini ya nyuzi 15, humkata mtu pumzi ghafla anapojitupa. Waingie polepole, karibu na wewe. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msiguse. Ya kunywa chemsheni, dakika 1 tangu yaanze kutokota, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000.

*Mzee wa Vilima: Unawadekeza. Mimi wangu wa miaka 7 anapiga kilomita 15.*

Hongera kwake, mzee wangu, wapo watoto wa hivyo. Kanuni yangu ya kilomita 3 kwa saa ni ya familia ambayo haijajijua. Ukishajua mwendo wa wako, tumia wake. Swali langu ni moja tu: hizo 15 zina mita ngapi za kupanda?

*Mama Pacha tena: Mji wenyewe uko mita 2,200. Wataumwa?*

Kwa wengi shida ya mwinuko huanza juu ya mita 2,500. Hapo mlipo, siku ya kwanza msipande kitu, wanywe maji, walale mapema. Kama kilele kinavuka 2,500 na mtoto analalamika kichwa, anatapika au anasinzia isivyo kawaida, msiendelee juu. Shukeni, na msisubiri kuona kama itapita. Wa miezi 10 hawezi kusema kichwa kinauma, kwa hiyo yeye msimpeleke kileleni.