Kumuuzia msindikaji maziwa ya kondoo
Mfugaji wa Molo anayetaka kukamua kondoo na kumuuzia maziwa mtengenezaji wa jibini mjini Nakuru hana budi kumpata mnunuzi kabla ya kuongeza kundi, kwani soko hili ni dogo na wengi wamezoea maziwa ya ng'ombe. Bei isipangwe kwa lita pekee: maziwa ya kondoo huwa na mafuta ya takriban asilimia 6 hadi 7, ilhali ya ng'ombe ni kama 4, hivyo lita moja hutoa jibini nyingi zaidi, na mkataba unapaswa kutaja mafuta na protini, nani atakayepima, na sampuli ya pili itakayobaki kwako iwapo mtabishana. Andikeni pia siku ya malipo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo urafiki mwingi huvunjika. Kwa kuwa kondoo mmoja hutoa maziwa kidogo, mwombe msindikaji apokee yaliyogandishwa, kila mfuko ukiwa na tarehe, ili gari lisije kila asubuhi. Ukimtibu kondoo kwa antibiotiki, mjulishe mnunuzi mapema, na usichanganye maziwa ya kondoo huyo na mengine hadi muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa upite.