Kutumia Uwezo wa Juu wa Rekoda ya Tepu ya Kidijitali yenye Traki Nyingi

Rekoda za tepu za kidijitali zenye traki nane, yaani njia nane za sauti zinazoweza kurekodiwa kila moja peke yake, kama vile ADAT ya Alesis iliyoanza kuuzwa mwaka 1992 na DA-88 ya Tascam iliyofuata mwaka 1993, zingali zinatumika katika studio kadhaa, na hata pale ambapo hazitumiki tena kurekodi kazi mpya bado zinahitajika ili kufungua kanda za zamani. Watu wengi walio nazo huzitumia kama kaseti ya kawaida: wanaweka tepu, wanabonyeza kitufe cha kurekodi, wanasikiliza, basi. Vitufe vingine vyote huachwa vilivyo kwa sababu kitabu cha maelekezo huvieleza kimoja kimoja, kana kwamba havina uhusiano. Kwa kweli karibu vyote vimejengwa juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kila sehemu ya tepu ya kidijitali ina anwani yake ya wakati. Ukilielewa hilo, mambo mengine yatakuja yenyewe.

Anwani hiyo huandikwa wakati wa kufomati, yaani kuiandaa tepu tupu ndani ya mashine, na ndiyo maana ninashauri tepu nzima ifomatiwe kabla ya mwanamuziki kuingia chumbani. Ni kweli kwamba mashine inaweza kufomati huku inarekodi, lakini ukisimama katikati ya wimbo na kuendelea baadaye, unajitengenezea maungio yasiyo na ulazima. Kaseti ya video ya S-VHS ya dakika 120 huchukua takriban dakika 40 tu katika ADAT, kwa sababu tepu hukimbia mara tatu ya kasi yake ya video. Kaseti ya video ya Hi8 ya dakika 120 katika DA-88 hufikisha dakika 108. Kwa hiyo kufomati huchukua muda, na heri muda huo utumike mapema. Kabla ya kuanza, chagua kiwango cha sampuli, yaani sauti ipimwe mara ngapi kwa sekunde, 44,100 au 48,000, na ukiandike kwenye lebo ya kaseti kwa kalamu isiyofutika.

Nasisitiza lebo kwa sababu niliwahi kufomati kaseti mbili za kazi moja siku mbili tofauti, ya kwanza kwa 48,000 na ya pili kwa 44,100, bila kuandika popote. Nilinakili sauti za kwaya kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwa kebo ya mwanga, na wakati wa kunakili kila kitu kilisikika sawasawa, kwa kuwa mashine inayopokea ilikuwa inafuata saa ya mashine inayotuma. Kesho yake nilipoicheza nakala peke yake, kwaya nzima ilikuwa imeshuka kwa takriban nusu toni moja na nusu na inajikokota. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ni senti 147 za muziki, ambapo senti 100 ni nusu toni moja, na sikio lolote huisikia.

Tukishapata tepu yenye anwani, uwezo wa kwanza unaofaa kuujua vizuri ni kupanchi, yaani kurekodi upya kipande kidogo katikati ya traki iliyokwisha kurekodiwa. Wengi hupanchi kwa mkono, na mkono huchelewa. Mashine hizi hukuruhusu kuweka alama ya kuingia na alama ya kutoka, kisha zikafanya kazi hiyo zenyewe mahali pale pale kila mara. Weka alama ya kuingia katika pumzi ya mwimbaji kabla ya neno lenye kasoro, si juu ya neno lenyewe, na alama ya kutoka katika pumzi inayofuata. Kisha washa hali ya mazoezi. Katika hali hiyo mashine hufanya kila kitu kama kwamba inarekodi, yaani sauti ya zamani hukatika na sauti mpya husikika, lakini hakuna kinachoandikwa kwenye tepu. Mwimbaji apite mara mbili au tatu hivyo, nawe usikilize maungio. Ukiridhika, zima mazoezi na urekodi. Tepu haina njia ya kurudisha kilichofutwa, kwa hiyo dakika mbili za mazoezi hulipa.

Hapo kuna kitufe kinachowachanganya wengi, nacho ni kile cha kuchagua kinachosikika. Ukiiacha mashine isikilize ingizo peke yake muda wote, mwimbaji hatausikia mstari wake wa zamani unaotangulia alama, na ataingia bila kujua alipoishia. Mashine ikiwekwa katika hali ya kubadilisha yenyewe, atasikia tepu mpaka kwenye alama, kisha atajisikia mwenyewe, kisha atasikia tepu tena. Mwimbaji akilalamika kwamba hedifoni zimenyamaza ghafla, kagua kitufe hiki kabla ya kugusa mikseri.

Sauti ya zamani na mpya hazikatani wima kwenye alama. Hupishana kwa muda mfupi, moja ikififia huku nyingine ikipanda. Katika ADAT XT, toleo la baadaye la ADAT, unaweza kuchagua muda wa mpishano huo kuwa milisekunde 10.67, 21.33, 32 au 42.67. Namba hizo zinaonekana za ajabu hadi uzipige hesabu: milisekunde 10.67 ni sampuli 512 katika kiwango cha 48,000, na nyingine ni mara mbili, mara tatu na mara nne yake. Kwa ngoma na gita la kukwaruza tumia mpishano mfupi, maana mrefu utakupa mapigo mawili yaliyofuatana kama kigugumizi. Kwa kinanda kinachoshikilia noti, au kwa waimbaji waliovuta irabu ndefu, tumia mrefu, la sivyo utasikia mruko mdogo mahali pa maungio.

Uwezo ninaoupenda kuliko wote ni kunakili kipande kutoka sehemu moja ya wimbo kwenda nyingine kwa mashine mbili. Mashine hizo huunganishwa kwa kebo mbili za aina tofauti, na ni vyema kutozichanganya. Kebo ya pini tisa hubeba nafasi ya tepu na amri, ndiyo inayoifanya mashine ya pili ifuate ya kwanza kwa usahihi wa sampuli moja. Kebo ya mwanga hubeba sauti za traki zote nane, lakini kwa upande mmoja tu, kwa hiyo ukitaka sauti ziende na kurudi unahitaji kebo mbili za mwanga. Kwa upande wa DA-88, kebo moja ya kidijitali yenye pini 25 hubeba sauti nane kwenda na nane kurudi. Katika mifumo yote miwili unaweza kufikisha mashine 16, yaani traki 128, ingawa mashine mbili zinatosha kwa kazi nyingi.

Chukua mfano wa waitikiaji walioimba kiitikio cha kwanza vizuri kabisa, na cha pili kikawa kimechoka. Wimbo una mapigo 128 kwa dakika na ulirekodiwa kwa kufuata mapigo ya mashine. Kiitikio cha kwanza kinaanza dakika 0 na sekunde 52.40, cha pili kinaanza dakika 1 na sekunde 48.65. Kati yao kuna vipimo 30 vya mapigo manne, jumla mapigo 120, ambayo kwa kasi hiyo ni sekunde 56.25 kamili. Kwanza nakili kiitikio cha kwanza kutoka mashine kuu kwenda mashine fuasi, yaani ile inayoifuata, mahali pale pale, bila kubadilisha chochote. Kisha iagize mashine fuasi ikae nyuma ya mashine kuu kwa sekunde 56.25. Usiamini alama ya kujumlisha au kutoa bila kuihakikisha; ipeleke mashine kuu kwenye 1:48.65 na uangalie kama skrini ya mashine fuasi inaonyesha 0:52.40. Ikionyesha 2:44.90, umegeuza alama. Sasa geuza njia ya sauti ili mashine kuu ipokee kutoka kwa fuasi, weka alama za kupanchi kabla na baada ya kiitikio cha pili, washa mazoezi, na usikilize.

Mara nyingi hesabu itakuwa sahihi na sikio halitaridhika, kwa sababu mpiga besi katika kiitikio cha pili alikuwa anaukaza mwendo kidogo. Sogeza tofauti ile kwa milisekunde tano hivi, mbele au nyuma, ambazo ni sampuli 240 katika kiwango cha 48,000, na usikilize tena. Ukishaona waitikiaji wamekaa juu ya besi, ndipo urekodi. Kama wimbo haukufuata mapigo ya mashine, njia hii bado inafaa kwa mstari mmoja mmoja, lakini kiitikio kizima kitaachana na ngoma kabla hakijafika mwisho, na hapo heri waitikiaji waitwe tena.

ADAT XT inaweza pia kunakili traki moja kwenda nyingine ndani ya mashine yenyewe bila sauti kupita kwenye mikseri. Hii husaidia pale mwimbaji alipoimba mara tatu kwenye traki tatu na unataka kukusanya mistari bora kwenye traki ya nne. Panchi mstari kwa mstari, ukibadilisha chanzo kila mara.

Ucheleweshaji wa traki ni uwezo unaopuuzwa. Katika ADAT XT kila traki inaweza kucheleweshwa peke yake hadi milisekunde 170, bila kubadilisha kilichoandikwa kwenye tepu. Matumizi yake bora ni kwenye ngoma. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni za juu zilizowekwa mita mbili kutoka kwenye ngoma hupokea pigo karibu milisekunde 5.8 baada ya maikrofoni iliyo karibu na ngozi. Ukizichanganya zote pamoja, baadhi ya masafa hufutana na ngoma inakuwa nyembamba. Chelewesha traki ya maikrofoni ya karibu kwa takriban milisekunde 5.5, changanya katika spika moja, kisha panda na ushuke polepole mpaka pigo liwe nene. Kumbuka kwamba unaweza kuchelewesha tu. Traki iliyochelewa huisogezi mbele isipokuwa kwa kuzichelewesha nyingine zote. Mimi si mtu wa kulinganisha kila maikrofoni kila mara, kwa maana umbali ule ndio unaotoa hisia ya chumba, na chumba kizuri hakipaswi kufutwa. Ukimaliza wimbo, rudisha namba zote kwenye sifuri, kwa sababu mipangilio hiyo inaweza kubaki ikaathiri kazi inayofuata.

Kubadilisha kasi pia kunataka uangalifu wa aina hiyo. Kitufe hiki hupandisha au kushusha kasi na sauti kwa pamoja, kwa hiyo kinafaa pale kinanda cha zamani kisipoweza kurekebishwa ili kilingane na wimbo. Hata hivyo, ukibadilisha kasi unabadilisha pia kiwango cha sampuli kinachotoka kwenye mashine, na vifaa vingine vilivyounganishwa kidijitali vinaweza kushindwa kukifuata. Kabla ya kunakili, hakikisha skrini inaonyesha sifuri.

Mwisho ni kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta. Kadi nyingi za sauti bado zina tundu la kebo ya mwanga linalopokea sauti nane kwa wakati mmoja. Iweke kadi ifuate saa ya rekoda badala ya saa yake yenyewe, la sivyo utasikia milio midogo ya tik-tik isiyo na mpangilio. Kebo ya mwanga haibebi nafasi ya tepu, kwa hiyo wimbo wa traki 16 ulio kwenye kaseti mbili unahitaji mashine mbili zilizofungwa pamoja kwa kebo ya pini tisa na kadi yenye matundu mawili ya mwanga. Kama kadi yako ina tundu moja, bado zifunge pamoja mashine zote mbili, hamisha kwanza traki nane za kaseti ya kwanza, kisha hamisha traki nane za kaseti ya pili pamoja na traki moja ya ngoma kutoka ya kwanza, ukiipeleka hiyo ya ngoma kwa waya wa kawaida kwenye ingizo jingine la kadi hiyo hiyo. Ngoma hiyo ndiyo itakayokusaidia kuvioanisha vipande ndani ya kompyuta.

Wakati wa kuhamisha, iangalie alama ya makosa kwenye skrini. Ikiwaka mara moja moja, mashine imekisia sampuli chache na huenda hutasikia kitu. Ikiwaka mfululizo, simamisha, isogeze tepu hadi mwisho na kuirudisha mwanzo mara moja ili ikae sawa, safisha vichwa, kisha jaribu mashine nyingine kabla ya kuilaumu kaseti. Na kila unapopumzika kwa zaidi ya dakika chache, bonyeza kitufe cha kusimamisha mara ya pili ili ADAT iiachie tepu, kwa sababu silinda ya vichwa huendelea kuzunguka dhidi ya tepu iliyosimama na huikwaruza mahali pamoja.