Diski na pedi za breki: ya kuangalia kabla hujatoa pesa

Gari kubwa likiishi Mombasa, diski zake (zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu) haziliwi na pedi (vibao vinavyozibana ukikanyaga breki) peke yake. Chumvi nayo inakula. Prado inayolala nje Nyali au Shanzu, upepo wa bahari ukiipiga usiku kucha, inaweza kuwa na diski zinazong'aa usoni huku ndani zimeoza. Kwa hiyo ukaguzi wa diski utangulie ununuzi wa pedi. Wengi wetu huanzia dukani: breki zimeanza kulia, fundi anasema "leta pedi tu bosi, diski ziko sawa", na mtu anakwenda kununua kabla hata gurudumu halijatolewa.

Litoe gurudumu kwanza. Ile kutu nyepesi ya rangi ya chungwa unayoiona asubuhi baada ya mvua si ugonjwa. Ukikanyaga breki mara chache imeondoka. Pitisha kucha kwenye uso wa diski kuelekea ukingoni. Kucha ikijikwaa kwenye mdomo ulioinuka, pedi zimeshakula vya kutosha na ni wakati wa kupima. Kisha chungulia katikati ya mabamba mawili ya diski, kwenye matundu ya hewa, uyachokonoe kwa bisibisi nyembamba. Yakidondoka magamba mazito ya kutu, au ukiona mbavu zinazounganisha mabamba hayo zimekonda, diski hiyo imekwisha hata kama unene wake bado unaruhusu. Usisahau uso wa ndani, ule usioonekana ukiwa umesimama kando ya gari. Huko ndiko kutu hujificha, na huko ndiko fundi mwenye haraka hatazami.

Unene una mpaka, na mpaka wenyewe umeandikwa kwenye diski: tafuta herufi MIN TH (unene wa chini unaoruhusiwa) na namba ya milimita, ama ukingoni ama kwenye ile kofia ya katikati. Kama kutu imeifunika, isugue kwa brashi ya waya. Nafasi kati ya diski mpya na iliyokwisha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Diski ya mbele iliyoanza na milimita 28, mara nyingi mwisho wake ni 26. Pima kwa maikromita, kipimo cha skrubu chenye ncha nyembamba. Venia ya kawaida, ile rula yenye taya mbili, hukalia ule mdomo ulioinuka pande zote mbili na kukupa jibu la kukufurahisha ambalo si la kweli. Pima sehemu kadhaa ukiizunguka diski. Pedi hesabu yake ni nyepesi: zikibakiwa na milimita 3 hivi juu ya bamba la chuma, zibadilishe.

Usukani ukitetema unapokanyaga breki utaambiwa diski zimepinda, zipelekwe leithi (mashine ya kuchonga chuma) zikaskimiwe, yaani uso wake uchongwe uwe sawa. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi tatizo liko nyuma ya diski: kutu imejijenga kwenye habu (kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake), diski imekaa mshazari kwa sehemu ndogo tu ya milimita, na ukiweka diski mpya juu ya kutu ileile mtetemo utarudi baada ya muda. Kuskimu si dhambi, mradi diski ikitoka leithi bado iko juu ya kile kipimo cha MIN TH. Ikishuka chini yake umelipia diski isiyoweza kubeba joto.

Sasa jua gari lako linavaa nini. Pikapu nyingi, Hilux zikiwemo, zina diski mbele na ngoma nyuma (mkebe wa chuma ambao viatu vya breki huusukuma kwa ndani), kwa hiyo habari ya diski nne inaweza isikuhusu. Prado ina diski nyuma, lakini ndani ya kofia ya diski hiyo kuna ngoma ndogo yenye viatu vyake vya breki ya mkono; ukinunua diski ya nyuma bila kuvikagua, utalifungua gurudumu lilelile mara mbili. SUV mpya zenye breki ya mkono ya kitufe zinahitaji mashine ya kusoma gari iiambie kalipa ya nyuma (mkono unaoshika pedi) ijiachie kabla pistoni yake, inayosukuma pedi, haijarudishwa ndani. Fundi anayetaka kuisukuma kwa nguvu mwambie asubiri.

Dukani usiende na jina la gari tu. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa limetoka kiwandani na diski za vipenyo viwili tofauti, kulingana na injini au soko lililokusudiwa. Beba namba ya chasisi, na ikiwezekana beba pedi ya zamani mkononi. Kwa Toyota, namba ya spea inayoanza na 04465 ni pedi za mbele, 04466 za nyuma; 43512 ni diski za mbele na 42431 za nyuma. Muuzaji akikuletea boksi la 04466 kwa gurudumu la mbele, huna haja ya kubishana naye, mwonyeshe tu namba.

Kuhusu aina ya pedi, swali ni moja: gari linabeba nini, na linateremka wapi? Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, kazi ya kulisimamisha gari huwa mara nne, na kazi yote hiyo hugeuka joto kwenye diski. Uzito nao unaongeza. Mtu anayetoka Bamburi kwenda ofisini mjini, foleni ya Daraja la Nyali na kurudi, hana joto la kutisha. Pedi za oganiki au za seramiki zitamtosha, ni kimya na haziumizi diski. Za seramiki zina faida ya vumbi kidogo kwenye rimu. Lakini anayeshuka Wundanyi kuja Mwatate na pikapu iliyojaa kabeji za soko la Kongowea ni mtu mwingine kabisa. Kona zile ni kali, mzigo unasukuma, na pedi laini ikipata joto hulegea: kanyagio bado ni gumu, gari halisimami. Huyu achukue pedi za nusu metali, avumilie kelele kidogo na vumbi jeusi, na ashuke kwa gia ndogo, kwani hakuna pedi inayochukua nafasi ya injini kwenye mteremko ule. Tahadhari moja ya pwani: chuma kilichomo ndani ya pedi hizo hushika kutu, na gari likiegeshwa wiki kadhaa pedi zinaweza kugandana na diski. Kwa gari linalosimama sana, mimi nisingezichagua.

Ubavuni mwa pedi huwa kuna mstari wa herufi na namba, mara nyingi ukimalizikia kwa herufi mbili kama FF au GF. Ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa na moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Hazisemi pedi itadumu kiasi gani, ila kwa gari la mizigo nisingependa ya pili iwe E. Ukikuta pia E ndani ya duara pamoja na namba yenye 90R, pedi imepimwa kwa kanuni ya Ulaya inayotaka msuguano wake usipishane na wa pedi ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi isiyo na maandishi yoyote ubavuni, hata boksi liwe zuri vipi, iache palepale kaunta.

Diski zenye matobo usoni ni za kupendeza macho. Matobo hayo ndiyo nyufa huanzia chini ya mzigo na joto. Zenye mifereji zina maana kwa anayevuta trela. Kwa wengine, diski ya kawaida yenye matundu ya hewa inatosha. Pesa ya mapambo iweke kwenye diski iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu kwenye kofia na ukingoni. Hapa kwetu hiyo si anasa.

Nunua kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, diski na pedi. Wakati gari liko juu ya jeki, pini za kalipa zitolewe zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni ya breki, si grisi ya beringi, maana pini iliyokwama ndiyo hufanya pedi moja iishe na mwenzake abaki mzima. Angalia mipira ya pistoni na mabomba ya mpira kama yana nyufa. Oili ya breki hunyonya unyevu hewani, na unyevu Mombasa haukosekani: DOT 4, daraja la oili hiyo, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 155. Kama hukumbuki ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa, na usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshwe kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kufungwa. Habu ipigwe brashi hadi chuma kionekane. Nati zikazwe kwa kukingamisha, kwa spana ya kupimia nguvu. Kabla hujaondoka karakana, pampu kanyagio hadi ligome, kwa sababu pistoni zimesukumwa nyuma na mguso wa kwanza utakuta utupu. Kisha, ili pedi na diski zizoeane, tafuta barabara iliyo wazi, labda ile ya Dongo Kundu asubuhi mapema, utoke mwendo wa kilomita 50 kwa saa ushuke hadi 10 kwa breki ya wastani, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi kati ya moja na nyingine. Ukimaliza endesha dakika chache bila kugusa breki zipoe. Mzigo mzito uupakie baada ya siku kadhaa za safari za kawaida.