Lori linakula oili na dizeli: anza na hewa kabla ya kushusha injini

Tajiri wa lori akija gerejini kwangu Makambako na malalamiko mawili kwa pamoja, kwamba oili inapungua na dizeli haifikishi Tunduma, mara nyingi anakuja na majibu yake kabisa: injini ifanyiwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya, na dereva aondoke. Mimi humwomba asubiri yote mawili. Ovahoo ni hela nyingi, na dereva akishaitwa mwizi, jina hilo linamfuata barabara nzima. Matatizo hayo mawili mara nyingi yana mzazi mmoja, na mzazi huyo ni hewa: haitoshi, au ni chafu, au inavujia njiani kabla haijafika kwenye silinda. Ninayoeleza hapa yanahusu hasa injini za turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) zenye pampu ya dizeli ya kawaida, zile za Fuso na Scania za zamani ambazo bado zinafanya kazi kila siku.

Pima kwanza. Jaza tanki hadi juu, andika kilomita, nenda safari, rudi ujaze kwenye kituo kilekile, gari likiwa limesimama palepale. Dar hadi Tunduma ni takriban kilomita 930, kwa hiyo kwenda na kurudi kunakupa jibu la kuaminika kuliko sindano ya geji. Andika na mzigo pia, maana semi iliyopanda Kitonga na tani 30 huwezi kuilinganisha na iliyorudi tupu. Oili ipime asubuhi kwenye tambarare, kabla hujawasha. Na tafadhali, usiijaze kila siku hadi alama ya juu. Ikipita alama, krenki (shafti kuu ya injini) inaichapa, inatoka povu na kutupwa nje kupitia bomba la kupumulia, halafu unasema gari linakula oili. Iweke katikati ya alama mbili, iache, uone inashuka kwa kasi gani. Mimi huipima oili kwa dizeli: lita moja au mbili za oili kwa lita 1,000 za dizeli kwenye injini iliyozeeka hainishtui. Ikifika lita tano, lazima nitafute.

Kuhusu wizi niseme wazi. Dizeli inayochomwa vibaya huacha ushahidi: moshi mweusi, gari zito mlimani, masizi mengi kwenye ekzosti. Kama gari linavuta vizuri na moshi ni safi lakini tanki linaisha, kagua mabomba ya kurudishia mafuta, breki na matairi, ndipo ukae na dereva, na uzungumze naye kwa heshima.

Osha injini, kausha, endesha kilomita chache, kisha ingia chini na tochi. Oili inayovuja haijaliwa na mtu. Tazama sili ya nyuma ya krenki, pale injini inapokutana na gia boksi, tazama vifuniko vya valvu na bomba la oili la turbo. Fungua na tanki la maji la rejeta: oili ikielea juu, huenda kipoza oili (oil cooler) kimeanza kuvujia majini. Halafu fungua valvu ya kutolea maji chini ya tanki la upepo wa breki. Matone machache yenye ukungu wa oili si neno. Ikitoka oili ya kutosha kulowesha kitambaa, kompresa ya upepo ndiyo inayopitisha, na injini yako haina kosa.

Sasa hewa. Toa filta ya ea klina, ingiza taa ndani yake usiku au kwenye chumba chenye giza, uizungushe taratibu. Tundu dogo kama la sindano litaonyesha mwanga. Filta nyingi hutobolewa na watu wanaozipuliza kwa upepo mkali wa kompresa wakidhani wanaokoa hela. Kisha fungua hozi inayotoka kwenye filta kwenda turbo, pitisha kidole ndani, upande ule ambao hewa imeshachujwa. Kidole kikitoka na vumbi, umepata ugonjwa. Vumbi la barabara za Ludewa na Njombe vijijini likipita hapo linasaga ringi za pistoni na silivu (ukuta wa ndani wa silinda) kwa muda mfupi sana, na hakuna oili ya bei yoyote itakayolizuia. Angalia hasa chini ya klipu: hozi hupasuka pale inapobanwa, na ufa hufunguka injini ikivuta, gari likisimama hauonekani.

Filta ikiziba kabisa nayo ina madhara yake. Turbo inavuta kwa nguvu, hewa haiji, mvuto huo unanyonya oili kupitia sili za turbo. Hapo unaona oili kwenye mabomba ya intakula (kipoza hewa ya turbo) na moshi mweusi kwa pamoja. Fundi asiye na subira anauza turbo mpya.

Nataka nikae kidogo kwenye turbo, kwa sababu hapa watu wanapoteza hela nyingi. Injini ikiwa imepoa, toa hozi, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida. Kucheza mbele na nyuma, au panga za turbo kugusa ukuta wake, ni mbaya. Ikiwa shafti ni nzima lakini kuna oili, usiilaumu turbo bado. Oili ya turbo hushuka yenyewe tu kurudi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), haisukumwi. Bomba la kurudishia likiwa limepinda, limeziba kwa masizi, au gasketi yake imejaa silikoni iliyofinyika ndani, oili inakosa njia na kutokea kwenye sili. Vilevile kama ndani ya injini kuna presha kubwa kutokana na ringi zilizochoka au bomba la kupumulia lililoziba, oili haishuki. Ukifunga turbo mpya juu ya hali hiyo, nayo itavuja, na utarudi dukani kugombana.

Presha hiyo unaipima hivi: injini ikiwa ya moto na inasaga taratibu, legeza mfuniko wa kujazia oili, ugeuze juu chini na uuweke juu ya tundu. Ukitetemeka tu, sawa. Ukirushwa, injini inapumua, yaani presha ndani yake imezidi.

Moshi utakuongoza pia. Bluu wakati wote gari likivuta mzigo, fikiria ringi. Bluu unapowasha asubuhi, au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu na gia, fikiria sili za valvu au turbo. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Oili ikipanda badala ya kushuka na ikanuka dizeli, kuna nozeli inayodondosha au pampu inayopitisha; dizeli hiyo inaosha oili kwenye ukuta wa silinda, na ringi zinaanza kuisha. Endesha hivyo miezi kadhaa na utakuwa na matatizo yote mawili kwa kweli.

Kitu kimoja kinaniudhi: thamostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, kutolewa na kutupwa. Huku Nyanda za Juu kuna baridi, injini isiyo na thamostati haifiki nyuzi 80, dizeli haiungui vizuri na silinda zinalika. Rudisha thamostati. Gari likichemka, tengeneza rejeta au klachi ya feni.

Kukagua matairi na breki ni haraka: pima upepo asubuhi, na baada ya kilomita 20 sogeza mkono karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu) bila kuigusa. Iliyo ya moto kuliko wenzake ina breki inayokamata.

Yote hayo yakiwa sawa na bado injini inapumua, pima kompresheni silinda zote. Fundi akikuambia abadilishe ringi tu, mwambie kwanza apime silivu juu, katikati na chini, akuonyeshe namba. Silivu iliyolika au kuwa na umbo la yai haitashika ringi mpya. Na safari za kwanza baada ya kufunga, beba mzigo wa wastani. Usiiache injini ikisaga masaa mengi imesimama, maana ringi zinahitaji kazi ili zikae.