Jinsi ya kumsaidia kijana kuchagua kati ya vyuo vikuu vya Kikatoliki Marekani

Kazi yangu ni kushauri familia ambazo mtoto anamaliza sekondari hapa Marekani. Kila ifikapo Machi napokea wazazi wenye barua tatu au nne za kukubaliwa, zote za vyuo vya Kikatoliki, na kauli ni ile ile: "Vyote ni vya Kanisa, basi achague chenye jina." Tatizo ni kwamba vyuo vyenyewe havifanani. Viwili vinaweza kuwa na msalaba juu ya lango, na maisha ya ndani yakawa mbali kabisa. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Taja pesa kabla ya kutaja chuo

Mwambie kijana waziwazi: kwa mwaka tunaweza kutoa kiasi hiki, hapa hatuvuki. Wazazi wengi huona aibu kusema. Matokeo yake mtoto anakipenda chuo tangu Desemba, Aprili anaambiwa hakiwezekani, na nyumba nzima inakosa amani.

Siku hiyo hiyo muulize kuhusu imani. Wapo vijana wanaotaka Misa ya kila siku na wenzao wa kusali nao. Wapo waliokubali chuo cha Kikatoliki kwa kuwa baba kasema. Huyu wa pili usimkemee. Ukimkemea ataanza kukujibu unachotaka kusikia, na mtapanga miaka minne juu ya jibu la uongo.

Hatua ya 2: Jua nani yuko nyuma ya chuo

Georgetown (1789), Fordham, Boston College na Marquette ni vya Wajesuiti. Notre Dame ilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Villanova, alikohitimu Papa Leo XIV mwaka 1977 katika hisabati, ni ya Waaugustino. Providence ni ya Wadominikani, DePaul ya Chicago ni ya shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na Catholic University of America ya Washington iliasisiwa na maaskofu wenyewe. Kila shirika lina mkazo wake, na mkazo huo unaonekana darasani na kwenye ratiba ya wiki.

Kuna swali moja la kupeleka kwenye ofisi ya chuo. Sheria ya Kanisa inawataka Wakatoliki wanaofundisha teolojia wawe na idhini ya askofu, na hati ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki ililitilia mkazo jambo hilo. Kijana aulize: walimu wenu wanayo? Vyuo vingine hujibu kwa fahari, vingine husema hilo ni kati ya mwalimu na askofu wake. Simwambii mtu jibu lipi ni zuri. Ila ukilisikia utajua chuo kimesimama wapi.

Mjihadhari na majina pia. Kuna Loyola ya Chicago, ya Maryland, ya New Orleans, na Loyola Marymount ya Los Angeles, kila moja na udahili wake. Saint Mary's College ya Indiana ni ya wanawake. St. Mary's College of Maryland si ya Kanisa hata kidogo, ni chuo cha serikali ya jimbo.

Hatua ya 3: Someni masomo ya lazima, mstari kwa mstari

Hapa familia nyingi hupita haraka, na hapa ndipo pa kukaa. Fungueni ukurasa wa masomo ya lazima ya kila chuo. Boston College inamtaka kila mwanafunzi, hata wa biashara au uuguzi, asome kozi mbili za teolojia na mbili za falsafa. Providence ina programu ya ustaarabu wa Magharibi inayochukua mihula minne. Thomas Aquinas College haina fani za kuchagua: wote husoma vitabu vile vile vikuu, tangu Euclid, mwanahisabati wa kale, hadi Mtakatifu Thomas, kwa majadiliano mezani. Kwingine teolojia ni kozi moja tu, na unaruhusiwa kuijaza kwa somo la dini za dunia.

Mpe kijana karatasi aandike muhula wake wa kwanza katika kila chuo: kozi tano, kwa majina yake halisi. Mtoto anayetaka uhandisi ataona mara moja kwamba chuo fulani hakina uhandisi kabisa, au kwamba hatabakiwa na nafasi ya kozi anayoipenda. Aandike mwenyewe, kwa mkono wake. Mzazi ukimwandikia, unachagua wewe.

Hatua ya 4: Zisomeni barua za msaada kwa kalamu

Bei iliyotangazwa isikutishe wala isikudanganye, kwani katika vyuo binafsi wengi hawalipi bei hiyo. Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu viweke kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Kitumieni kabla ya kuomba. Kisha jazeni FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, na vyuo kadhaa vitataka pia CSS Profile, fomu nyingine ya kuombea msaada wa chuo chenyewe. Kwenye FAFSA kinachoangaliwa ni hadhi ya kijana mwenyewe: raia, mwenye kadi ya kijani, mkimbizi au aliyepewa hifadhi anastahili, hata kama mzazi hana karatasi hizo. Chuo cha Christendom cha Virginia hakipokei fedha za serikali kuu, kwa hiyo huko mambo ya msaada yanaenda kwa utaratibu wao.

Barua zikifika, msiamini mstari wa mwisho. Chukueni mfano huu. Chuo cha kwanza kinagharimu dola 78,000 kwa mwaka, na barua inasema "msaada wako ni 48,500, utalipa 29,500". Chuo cha pili kinagharimu 61,000, msaada 27,000, wote ruzuku isiyorudishwa, utalipa 34,000. Kwa haraka haraka cha kwanza ni nafuu. Sasa chukua kalamu. Ndani ya ile 48,500 mna mkopo wa 5,500, na huo utarudishwa. Mna 3,000 za kazi za chuoni, ambazo hazipo mpaka kijana azifanyie kazi saa kwa saa. Ruzuku ya kweli ni 40,000. Kwa hiyo chuo cha kwanza ni dola 38,000 na cha pili 34,000. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu, kwa dola 16,000 katika miaka minne, ikiwa bei na ruzuku hazitabadilika.

Nazo hubadilika. Ulizeni ruzuku inadai GPA (wastani wa alama) gani ili iendelee, na kama inaongezeka ada inapopanda. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi ni 5,500 mwaka wa kwanza, na jumla ya miaka minne ni 27,000. Mkopo wa mzazi, kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026, una kikomo cha 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Familia iliyotegemea kuziba pengo lote kwa mkopo huo ipige hesabu upya.

Mkiona pengo dogo, kijana aandike barua ya kuomba wafikirie tena, aambatanishe barua ya chuo kingine na ushahidi wa mapato yaliyobadilika. Adabu kwanza, namba zifuate. Hakuna aibu, ofisi hizo hupokea barua za namna hiyo kila Aprili.

Na jihadharini na njia ya maombi iitwayo Early Decision. Ukikubaliwa umefungwa kwenda chuo hicho, na nafasi ya kulinganisha barua imekwisha. Siipendekezi kwa familia inayotegemea msaada.

Hatua ya 5: Pimeni afya ya chuo

Vyuo vidogo vya Kikatoliki vinafungwa. Holy Names ya Oakland ilifungwa 2023, Cabrini na College of Saint Rose 2024, Fontbonne ya St. Louis 2025. Chuo chenye wanafunzi mia kadhaa kinaweza kuwa kizuri sana, ila angalieni idadi ya wanafunzi kwa miaka kumi: inashuka? Fani zinafutwa? Wanauza majengo? Tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard itawaonyesha pia wangapi wanahitimu. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

Hatua ya 6: Tembeleeni siku ya kawaida

Siku ya wageni kila mtu anatabasamu. Nendeni wakati mihula inaendelea, kijana alale bwenini kama chuo kinaruhusu, na aende Misa ya Jumapili usiku, ile ya wanafunzi. Ahesabu waliokuja kwa hiari. Mbao za matangazo nazo zisomwe: zinasema chuo kinajishughulisha na nini kuliko kijitabu chochote cha rangi.

Mabweni yaulizwe kwa undani. Notre Dame mabweni ya wavulana na wasichana ni tofauti, kila bweni lina kikanisa chake, na kuna saa za kutembeleana. Vyuo vingine vya Kikatoliki vina mabweni mchanganyiko. Kijana na mzazi huwa na maoni tofauti hapa, na ni heri yatoke sasa.

(Timu ya mpira wa kikapu si kigezo. Najua, najua. Ila nimeshaona shati la Gonzaga, chuo chenye jina katika kikapu, likishinda hoja zote.)

Hatua ya 7: Kijana atamke uamuzi

Wiki ya mwisho ya Aprili, kijana awaeleze anachagua kipi na kwa nini, bila kukatizwa. Akitoa sababu tatu zinazogusa masomo, pesa na maisha, mpeni baraka, hata kama si chuo ulichokiota wewe. Akisema tu "nakisikia vizuri", mrudisheni hatua ya 3. Vyuo vingi hutaka malipo ya kushikilia nafasi kabla ya Mei 1. Lipeni chuo kimoja tu, hifadhini risiti, kisha kijana aviandikie vyuo vingine kwamba haji, ili nafasi zipewe walio kwenye orodha ya kusubiri.