Somo: Kufuga lochi wa kuhli kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Wadau, naandika hili mara moja ili kila anayeuliza nimwelekeze hapa. Kila Juni ikiingia swali ni lile lile, kutoka Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Makambako: "Wale samaki wangu wembamba kama nyoka wanakufa mmoja mmoja, tatizo nini?" Tatizo karibu kila mara ni baridi, na anayeuliza hana hata kipimajoto. Tafadhali soma mpaka chini kabla hujauliza.

Ninaowazungumzia ni lochi wa kuhli: samaki wa sentimita 8 hadi 10, wana pingili nyeusi na za njano mwilini na visharubu vifupi mdomoni. Kwao ni Asia ya Kusini Mashariki, kwenye vijito vya msituni ambako maji ni ya uvuguvugu na chini kumejaa majani makavu. Jina limetokana na Heinrich Kuhl, mtaalamu wa viumbe kutoka Ujerumani aliyefariki kisiwani Java mwaka 1821. Akitunzwa vizuri anafika miaka 10 na kuipita, kwa hiyo usimnunue kwa majaribio.

1. Tangi. Lita 60 kwenda juu. Chagua lenye sakafu pana kuliko lenye kimo kirefu, maana hawa wanaishi chini.

2. Bakteria kwanza, wale wanaomeng'enya amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki. Filta itembee wiki 4 hadi 6 ndani ya tangi lenye chanzo kidogo cha amonia, mathalani punje chache za chakula, mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Lochi hawaingizwi kwenye tangi jipya.

3. Maji. Ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Wanapenda maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, na pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 7.

4. Mchanga. Uwe laini. Wanajizika humo, na wakila wanauingiza mdomoni na kuutolea kwenye mashavu. Kokoto zenye ncha zinawakwangua visharubu. Mchanga wa mto unaouzwa kwa ajili ya plasta unafaa ukichekechwa, kisha uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Uudondoshee siki: ukitoa povu una chokaa, utayagumisha maji, uache. Hivyo hivyo kwa mawe, hasa ya upande wa Songwe, ambako ndiko yanakochimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji.

5. Joto. Hapa tulia usome polepole.

Maji yawe nyuzi 24 hadi 27, mchana na usiku. Jua letu la saa nane linadanganya watu. Mchana unakaa kibarazani na shati jepesi, saa kumi alfajiri Uyole, hapa Mbeya, iko chini ya nyuzi 10 na sebule isiyo na dari imeifuata. Hita yenye wati moja kwa kila lita inawatosha watu wa Dar es Salaam. Huku kwetu piga wati moja na nusu. Tangi la lita 80 liwe na wati 120 au zaidi, na ikiwezekana ziwe hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikifa usiku nyingine iendelee. Kipimajoto kikae upande wa mbali na hita.

Sasa linaloua zaidi, na wengi hawalijui: kubadilisha maji. Hita ipo na inafanya kazi, lakini kila wiki mtu anachota ndoo ya lita 20 iliyolala jikoni, maji yake yako nyuzi 14, anamimina kwenye tangi la lita 80 baada ya kutoa kiasi hicho hicho. Piga hesabu. Tangi linashuka kutoka nyuzi 25 hadi 22 na kidogo ndani ya dakika moja, na pale chini lochi wanapolala, maji ya baridi ndiko yanakotangulia kufika. Baada ya siku chache unaona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mkiani, unakimbilia dawa, na dawa inamalizia kazi.

Kwa hiyo maji mapya yapashwe moto kabla. Mbeya mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, siyo 100. Ili ndoo ya lita 20 ifike 25, karibu lita tatu kasoro robo ziwe maji yaliyochemka, na zinazobaki ziwe maji ya nyuzi 14. Changanya kwenye ndoo, koroga, pima kwa kipimajoto, ndipo umimine taratibu. ONYO: usimimine maji ya moto moja kwa moja kwenye tangi. ONYO la pili: chomoa hita dakika 15 kabla ya kupunguza maji, kioo chake kikibaki hewani kikiwa cha moto kinapasuka, na maji yenye hita iliyopasuka yanapiga shoti.

6. Filta na kifuniko. Mdomo wa filta uvishwe sponji, maana lochi anapenya popote kichwa kinapopita. Tangi lifunikwe, na matundu ya nyaya yazibwe. Wanaruka.

7. Idadi. Sita au zaidi. Mmoja au wawili hutawaona kabisa, watajificha mpaka wakonde.

8. Kuwaingiza. Mfuko uelee dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi kidogo kidogo. Usitumie wavu: chini ya jicho wana mwiba mdogo unaonasa kwenye nyuzi. Tumia kikombe.

9. Chakula. Cha kuzama, baada ya kuzima taa. Mabaki ya gapi, wale samaki wadogo wa mapambo wanaokula juu, hayawatoshi.

10. Majirani. Gapi, neoni, rasbora, wote wapole. Siklidi hapana.

Maswali yaanze.

Kijana wa Soweto (Mbeya): Mkuu, watatu wamekufa jana, nisaidie haraka.

Jibu: Joto la maji ni nyuzi ngapi?

Kijana wa Soweto: Sina kipimajoto, ila nimegusa kwa mkono si ya baridi.

Jibu: Mkono si kipimo. Nunua kipimajoto leo, pima saa kumi na mbili asubuhi, lete namba. Hatua ya 5.

Mdau wa Mafinga: Hita inakula umeme. Kwani taa ya tangi haitoshi? Kuna jamaa anafuga bila hita na samaki wapo.

Jibu: Taa inazimwa usiku, na baridi inakuja usiku. Hita ya wati 100 ikiwaka saa 12 kwa siku ni yuniti 1.2. Kama hiyo ni nzito, hakuna ubaya, fuga goldfishi kwenye tangi kubwa, wao wanavumilia baridi. Ila usilete lochi Mafinga bila hita halafu ukaniambia fulani anaweza. Huyo fulani aulizwe lochi wake wana umri gani.

Binti wa Tukuyu: Shikamoo kaka. Nina saba, nawapenda sana. Nimemulika tochi usiku nikaona mmoja amenenepa, na ubavuni chini ya ngozi kuna kitu cha kijani kibichi. Ni ugonjwa?

Jibu: Marahaba dada, na asante kwa kuangalia kwa makini hivyo. Huo si ugonjwa, ni mayai. Jike wa kuhli mayai yake ni ya kijani, na ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi cha kuyaona yakiwa ndani. Kuzaliana kwenye tangi hutokea mara chache na mara nyingi bila kupangwa. Wanatawanya mayai kwenye mizizi ya mimea inayoelea, kisha wao na majirani wanayala. Ukitaka kujaribu, watenge jike na madume wawili au watatu kwenye tangi dogo lenye mimea mingi ya kuelea, mwanga hafifu na maji laini. Kabla hujaosha sponji ya filta, ikague. Vifaranga hupenda kukaa kwenye uchafu wake, na watu hugundua wanao siku ya kuiosha. Tuletee habari.

Mnyalu wa Ipogolo: Umeme ukikatika usiku kucha?

Jibu: Funga tangi kwa blanketi pande zote, juu acha upenyo wa hewa. Chupa za plastiki za lita moja na nusu zijaze maji ya moto, zifunge kabisa, zielee ndani, ubadilishe zikipoa. Usilishe. Umeme ukirudi na filta ilisimama saa nyingi, suuza sponji kwa maji ya tangi kabla hujaiwasha, maana bakteria waliokufa humo ni amonia tupu.

Mdau wa Kyela: Naweza kuwachanganya na mbuna wa Ziwa Nyasa? Huku wanapatikana.

Jibu: Hapana. Mbuna ni siklidi, wanapigania mawe, na maji yao ni magumu yenye pH inayokaribia 8 na kuipita. Ukimridhisha mmoja umemuumiza mwingine. Watengee tangi lao.

Mdau wa Njombe: Wangu wana vidoa vyeupe, duka limenipa dawa yenye shaba. Niweke kipimo cha kwenye chupa?

Jibu: Usiiweke. Lochi magamba yake ni madogo mno, dawa inaingia mwilini haraka, na shaba ni kali kwake. Panda joto nyuzi moja kila baada ya saa chache mpaka 29 au 30, na endelea siku kadhaa baada ya kidoa cha mwisho kupotea, kwa sababu kijidudu kikidondoka kutoka kwa samaki kinazaliana mchangani ndipo kinarudi. Fungua pampu ya hewa saa zote. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na kwenye miinuko yetu tayari ni pungufu: kwa kimo cha Mbeya maji yanabeba karibu moja ya tano pungufu kuliko pwani kwa joto lile lile. Ukiwaona wanapanda juu kumeza hewa kila mara, ongeza mapovu. Ikilazimu dawa, tafuta isiyo na shaba na uanze na nusu kipimo.

Binti wa Tukuyu: Kaka, viluwiluwi vya mbu kwenye ndoo ya nyuma naweza kuwapa?

Jibu: Wanavipenda mno. Chuja kwa kitambaa, suuza, toa kiasi kinacholiwa usiku huo, kinachobaki kitakuwa mbu sebuleni kwako. Ndoo isiwe imepitiwa na sabuni wala dawa ya shambani.

Mnyalu wa Ipogolo: Maficho je? Nimeona watu wanatumia mabomba ya plastiki. Huku mianzi ya ulanzi imejaa.

Jibu: Mwanzi ni mzuri sana. Kata pingili kavu za urefu wa kiganja, toboa pande zote mbili, chemsha, loweka mpaka uzame wenyewe. Mchana utawakuta wamepangana humo, vichwa vimechungulia upande mmoja. Ukianza kulainika na kuteleza, utoe uweke mwingine.

Binti wa Tukuyu: Na majani makavu uliyosema ya kwao, huku nitumie ya mti gani?

Jibu: Ya mkungu ndiyo bora, muombe mdau wa Kyela. Usipoyapata, ya mpera: yaokote yakiwa yamekauka yenyewe, yamwagie maji ya moto, weka matatu au manne. Ya mkaratusi na msonobari yana mafuta makali, usiyaweke. Ya mparachichi yana persini, sumu kwa samaki, na Rungwe yako kila uani, kwa hiyo angalia usiyachanganye unapookota. Na mpera wenyewe uwe haujapuliziwa dawa.